Vali za mota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mafundi wa Mtwara na Lindi

Maswali haya huulizwa sana na mafundi umeme, mafundi mitambo na vijana wanaosomea ufundi wa mitambo ya gesi. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali ili tusirudie.

## Mambo ya mwanzo

1. Huku kwetu hakuna mtambo wa nyuklia. Kwa nini tusome hitilafu za vali za huko?

Kwa sababu vali ni ileile. Geti vali yenye mota, giya na swichi zake, inayopitisha maji ya kupozea tanuri la nyuklia, haina tofauti kubwa ya umbo na ile iliyopo kwenye mtambo wa gesi wa Madimba, Songo Songo, kiwanda cha saruji au kituo cha kusukuma maji. Tofauti ni kwamba wenye nyuklia wanalazimika kuandika hitilafu zinazogusa usalama, kutafuta chanzo chake na kuzitangaza zile kubwa. Viwanda vingine hubadilisha kipuri na kuendelea na kazi, na sababu hupotea na kipuri kilichotupwa.

Barani Afrika, umeme wa nyuklia unazalishwa Koeberg tu, karibu na Cape Town, na Misri inajenga mtambo wake El Dabaa. Lakini kumbukumbu za hitilafu zilizokusanywa Marekani tangu miaka ya 1980 zinamfaa fundi yeyote, hasa kwa jambo moja: vali iliyofanya kazi vizuri bila presha haijathibitisha kwamba itafanya kazi ikiwa na presha kamili. Sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inatokana na hilo.

2. Ndani ya kichwa cha vali ya mota kuna nini?

Mota inazungusha giya ndogo, giya ndogo inazungusha shafti, na juu ya shafti hiyo kuna giya yenye umbo la skrubu inayosukuma giya kubwa ya duara. Giya kubwa inazungusha nati ya shaba nyeusi, na nati hiyo ndiyo inayopandisha au kushusha fimbo ya vali. Chini ya fimbo kuna lango, yaani bamba linaloziba njia.

Kitu cha kukishika vizuri ni hiki: ile giya ya skrubu haijafungwa moja kwa moja kwenye shafti yake. Inaweza kuteleza mbele na nyuma. Fimbo ikikutana na ukinzani, giya ya skrubu inasukumwa pembeni na kukandamiza rundo la springi za sahani. Kadiri springi zinavyobanwa, ndivyo mkono mdogo unavyozungusha swichi ya toki (toki ni nguvu ya kuzungusha). Asiyeielewa sehemu hii atabadilisha mota tatu kabla hajagundua kwamba kosa liko kwenye springi.

3. Swichi ya toki na swichi ya mwendo zinatofautianaje?

Swichi ya mwendo inahesabu mizunguko. Inajua fimbo imefika wapi, haijui imetumia nguvu kiasi gani. Swichi ya toki inapima nguvu ya kuzungusha, haijui fimbo iko wapi.

Geti vali nyingi hufungwa kwa swichi ya toki, ili lango likae kwa nguvu kwenye kiti chake (uso linalokalia likifunga), na hufunguliwa kwa swichi ya mwendo, ili fimbo isije ikagonga kikomo cha juu. Ukizibadilishana, utapata ama vali inayovuja ama fimbo iliyopinda.

4. Umeme ukikatika, vali inakwenda wapi?

Haiendi popote. Inabaki ilipokuwa. Ndiyo maana vali za kufunga dharura kwenye mabomba ya gesi huwa mara nyingi za hewa, mafuta au springi, si za mota.

## Hitilafu zinazojirudia

5. Vali ilifunguka vizuri tulipoijaribu. Siku ya kazi imekataa. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lilipatikana kwa gharama. Tarehe 9 Juni 1985, mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse jimboni Ohio ulipoteza maji yote ya kulisha majenereta ya mvuke. Vali mbili za mfumo wa akiba zilifungwa kimakosa kutoka chumba cha udhibiti, kisha zikakataa kufunguka zilipoamriwa. Wafanyakazi wakalazimika kwenda kuzifungua kwa mkono.

Chanzo kilikuwa mpangilio wa swichi. Lango linapoanza kung'oka kwenye kiti chake likiwa limebanwa na presha ya upande mmoja, toki hupanda sana kwa muda mfupi. Ili swichi ya toki isikate umeme wakati huo, huwekwa baipasi kupitia swichi ya mwendo: katika sehemu ya kwanza ya mwendo, toki haihesabiwi. Pale Davis-Besse baipasi iliisha mapema mno. Lango lilikuwa bado limebanwa, swichi ya toki ikaona nguvu kubwa, ikakata umeme. Katika majaribio bila presha lango lilikuwa linang'oka kirahisi, kwa hiyo kosa halikuonekana.

Cha kufanya: pima baipasi kwa mwendo wa fimbo wenyewe, usikadirie kwa macho. Baada ya tukio hilo mitambo mingi iliacha asilimia 5 hivi ya mwendo na kwenda kwenye 20 hadi 25. Hakikisha pia kwamba unahesabu kuanzia pale fimbo inapoanza kusogea kweli, kwa sababu mota huzunguka kidogo kwanza kuondoa ulegevu wa giya.

6. Mtengenezaji ametoa hesabu ya nguvu inayohitajika. Je, tuiamini?

Iangalie kwanza. Nguvu ya kufunga geti vali hujumlishwa hivi: tofauti ya presha mara eneo la kiti mara kigezo cha msuguano wa lango, ongeza presha mara eneo la fimbo, ongeza msuguano wa paking (kizibo kinachozunguka fimbo kuzuia kuvuja). Kwa miaka mingi watengenezaji walitumia kigezo cha 0.3. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa mtiririko halisi yakaonyesha kwamba vali nyingi zinahitaji 0.5 au zaidi.

Chukua vali yenye kiti cha milimita 150, tofauti ya presha baa 70, fimbo ya milimita 40. Presha kwenye eneo la kiti inaleta karibu kN (kilonewtoni) 124. Kwa 0.3 unapata kN 37, kwa 0.5 unapata kN 62. Ongeza karibu kN 9 za presha inayosukuma fimbo nje, na kama kN 7 za paking. Jumla ya kwanza ni kN 53, ya pili kN 78. Hiyo ni tofauti ya kama tani mbili na nusu za nguvu. Kichwa kilichonunuliwa kwa hesabu ya kwanza kitafunga vali kila siku mtiririko ukiwa mdogo, na kitaiacha nusu wazi siku bomba limepasuka.

NRC, tume inayosimamia usalama wa nyuklia Marekani, iliandikia mitambo yote mwaka 1989 ikitaka vali hizi zihesabiwe upya na kujaribiwa kwa presha halisi pale inapowezekana. Kwenye mtambo wenu, anzeni na vali ambazo kushindwa kwake kunaleta hatari. Si kila vali ya maji ya bafuni inahitaji hesabu hii.

7. Mota imeungua, tumeweka mpya, nayo imeungua. Tatizo liko wapi?

Fungua upande wa springi. Mara nyingi utakuta grisi imejaa hadi ndani ya rundo la springi za sahani. Grisi haibanwi. Springi zikikosa nafasi ya kubanwa, giya ya skrubu haisogei, swichi ya toki haizunguki, na mota inaendelea kusukuma vali ambayo imeshafunga. Mota ya vali imetengenezwa kwa kazi fupi, kwa kawaida dakika 15 kwa ile ya AC na dakika 5 kwa ya DC, na hiyo ni ikiwa inazunguka. Ikisimama huku umeme unapita, joto linapanda kwa sekunde.

Safisha springi, hakikisha njia ya grisi kutoka ipo wazi, na usijaze grisi kwa bomba la presha hadi itoke kwenye sili. Anayejaza hivyo anadhani anatunza.

Sababu nyingine za kuangalia kwa mpangilio huu: ovalodi (kinga ya mota dhidi ya mzigo kupita kiasi) iliyowekwa juu mno au kuondolewa, kontakta (swichi kubwa inayowasha mota) iliyoshikana, paking iliyokazwa kupita kiasi, na kabari ya giya ya mota, yaani kipande cha chuma kinachoishikilia giya kwenye shafti, iliyokatika. Kabari ikikatika mota huzunguka bure na kutoa sauti nyepesi, na fimbo haisogei. Kwenye mitambo ya nyuklia ya Marekani kabari hizi zilikatika mara kadhaa miaka ya 1980, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa chuma kisichofaa.

8. Tunaweza kuchanganya grisi?

Hapana. Grisi za kalsiamu na za lithiamu zikikutana zinaweza kutengana, mafuta yakashuka na kilichobaki kikawa kigumu. Grisi ya Nebula, iliyotumika miaka mingi kwenye vichwa vya vali vya kampuni ya Limitorque, iliacha kutengenezwa, na waliohamia grisi nyingine walilazimika kusafisha ya zamani kwanza. Andika aina ya grisi kwenye lebo ya kichwa chenyewe kwa rangi isiyofutika. Daftari la stoo peke yake halitoshi.

Fimbo ina grisi yake na ni habari nyingine kabisa. Msuguano kati ya fimbo na nati ukipanda kutoka 0.15 hadi 0.20, nguvu inayofika kwenye lango inashuka kwa karibu moja ya tano, ilhali swichi ya toki inasoma kiasi kilekile. Kwa hiyo vali inaonekana imefunga kwa nguvu kamili wakati haijafika. Fimbo iliyo nje upande wa pwani hukusanya vumbi na chumvi. Ifute hadi iwe safi, kisha paka grisi mpya. Kupaka juu ya uchafu kunatengeneza msasa.

9. Taa inasema vali imefunguka, lakini hakuna kinachopita. Inawezekana?

Inawezekana. Swichi ya mwendo inafuatilia mizunguko ya giya, haioni lango. Fimbo ikiachana na lango, fimbo itapanda na kushuka vizuri na taa zitawaka sawasawa huku lango likiwa limekaa kwenye kiti.

Mwezi Oktoba 2010, kwenye kitengo cha kwanza cha mtambo wa nyuklia wa Browns Ferry jimboni Alabama, ilibainika kwamba lango la vali moja ya kuingiza maji ya kupozea limeachana na fimbo yake. NRC iliipa hali hiyo daraja jekundu, daraja la juu kabisa la uzito. Mwaka 2017 kitengo cha pili cha LaSalle, Illinois, kilikutwa na tatizo la jamii hiyo kwenye vali ya malango mawili: pini iliyotakiwa kuzuia kiungo cha fimbo kisilegee ilikatika.

Dalili zake: mkondo wa umeme wakati wa kufungua haupandi kabisa mwanzoni, kana kwamba hakuna kinachong'olewa, fimbo inajizungusha kidogo wakati wa mwendo, presha ya chini ya vali haibadiliki. Weka alama ya rangi kwenye fimbo na nyingine kwenye fremu. Alama za fimbo zikihama kuzunguka mwezi hadi mwezi, fungua vali hiyo. Alama hiyo haigharimu chochote zaidi ya brashi.

10. Umeme wetu hushuka. Vali inaathirika kiasi gani?

Zaidi ya unavyodhani. Toki ya mota ya AC hufuata kipeo cha pili cha voltiji. Voltiji ikiwa asilimia 90, toki inabaki 81. Ikiwa 80, inabaki 64. Pima voltiji kwenye vituo vya mota yenyewe wakati inaanza, kwa sababu kebo ndefu na nyembamba nayo inakula volti. Volti 400 kwenye paneli hazikuambii kilicho kwenye mota mita 300 mbali.

11. Hewa ya chumvi inaharibu nini hasa?

Kwa nje, boliti, lebo na fimbo, na hayo yanaonekana. Ya ndani ndiyo ya kuogopa. Baadhi ya mota za vali zina rota (sehemu ya mota inayozunguka) yenye fito na pete za aloi ya magnesiamu. Magnesiamu huliwa haraka na unyevu, hasa ikigusana na chuma. Pete hupata ufa, hubanduka, na siku moja mota inatoa mlio na kukosa nguvu. Mitambo ya nyuklia ilipoteza mota kadhaa hivyo, na sasa hukagua rota kwa kamera ndogo inayopenyezwa kwenye tundu.

Muulize muuzaji rota ni ya nini. Kwa vali inayokaa wazi Msimbati au kisiwani Songo Songo, alumini inafaa kuliko magnesiamu. Pia hakikisha hita ndogo ya ndani ya boksi la swichi inafanya kazi masika na kiangazi, hata vali isipotumika. Matundu ya kutolea maji yawe upande wa chini. Tunayakuta yameelekea juu kila mara kichwa kinapofungwa kikiwa kimelala. Na matundu ya kebo ambayo hayatumiki yawe na vizibo vya chuma. Mkanda wa plastiki hauzibi kitu.

12. Vali ilifungwa ikiwa moto, ikipoa haifunguki. Kwa nini?

Kuna mambo mawili tofauti. La kwanza: mwili wa vali unapopoa unasinyaa na kulibana lango lenye umbo la kabari, kama kifuniko cha sufuria kilichonasa. La pili: maji yaliyonaswa katikati, juu ya lango, yakipashwa joto hutanuka na kulisukuma lango pande zote mbili. Kwa la kwanza, fungua kidogo na kufunga tena wakati mtambo unapoa. Kwa la pili, dawa ni tundu dogo linalotobolewa upande mmoja wa lango au bomba dogo la kupumulia, kwa kibali cha mtengenezaji. Baada ya hapo vali itazuia vizuri upande mmoja tu, basi andika mshale wake.

## Ukaguzi na marekebisho

13. Nikikabidhiwa vali ambayo sina historia yake, nianze na nini?

Kibali cha kazi, kufuli na lebo kwenye paneli, hakikisha kwamba presha imeshushwa au umeruhusiwa kufanya kazi ikiwepo. Kisha soma lebo na uandike kila kitu kilichomo, pamoja na mpangilio wa sasa wa swichi ya toki kabla hujagusa skrubu yoyote.

Zungusha kwa mkono mwendo wote, ukihesabu mizunguko. Sehemu nzito ikitokea katikati ya mwendo, hapo kuna fimbo iliyopinda au paking mbovu. Pima insulesheni ya mota kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500: mota nzima ya leo inatoa megaomu 5 au zaidi, na chini ya megaomu 1 usiiwashe, ikaushe kwanza. Fungua boksi la swichi, tafuta kutu, nyaya zilizolegea na plastiki iliyopasuka. Swichi za toki za plastiki ya melamini zilileta shida zamani kwa sababu plastiki ilisinyaa na kukaba mhimili.

Angalia nati ya shaba: vumbi la rangi ya dhahabu kwenye fimbo maana yake nyuzi zinalika. Angalia pia kama nati ya kufungia iliyo juu yake imepigwa alama ya kuizuia isilegee. Ikilegea, nati kuu hupanda pamoja na fimbo na vali haifungi.

Kabla ya kuwasha kwa umeme mara ya kwanza, peleka vali katikati ya mwendo kwa mkono. Nyaya za awamu zikiwa zimebadilishana, amri ya kufungua itafunga, na swichi za kusimamisha hazitakuwa upande wake. Ukiwa katikati unapata sekunde za kubonyeza kizimio.

14. Muda wa kufunga haujabadilika kwa miaka. Si ina maana vali ni nzima?

Kwa mota ya AC, hapana. Mota hiyo huzunguka karibu kwa kasi ileile iwe na mzigo mdogo au mkubwa, mpaka inapokaribia kushindwa. Inaweza kufunga kwa sekunde 30 leo, 30 mwaka kesho, kisha isifunge kabisa. Mota ya DC hupungua kasi, hiyo inatoa taarifa mapema. NRC ilirudi kwenye suala hili mwaka 1996 na kutaka uthibitisho wa mara kwa mara wa uwezo wa vali.

Bora uchore mkondo wa umeme wa mwendo mzima kwa klampu mita inayorekodi, na ulinganishe na mchoro wa mwaka uliopita. Kama una kipimo cha nguvu kwenye fimbo yenyewe, hicho ni bora zaidi.

15. Vali inavuja kidogo. Niongeze mpangilio wa swichi ya toki?

Usianze hapo. Kuvuja mara nyingi ni uchafu au kiti kilicholika. Kuongeza toki kunapeleka nguvu kwenye fimbo, nati na fremu, na vyote vina kikomo. Wengi huongeza robo, wakirudi baada ya miezi sita wanaongeza tena, mpaka bamba la kikomo linaondolewa ili skrubu iende mbali zaidi. Bamba hilo liliwekwa na mtengenezaji kwa sababu. Angalia kwanza grisi ya fimbo, swali la 8.

16. Kuna la ziada sehemu yenye gesi?

Nyuso za boksi lisilopitisha mlipuko ziwe safi na zisizokwaruzwa. Usipake silikoni, usiweke gaskiti ambayo haikuwepo, na usiache boliti hata moja. Nafasi nyembamba kati ya nyuso hizo ndiyo inayopoza moto usitoke nje.

## Kesi za pembeni

17. Nikigundua kasoro ya kiwandani, nimwambie nani?

Marekani sheria ya nyuklia, sehemu ya 21, inampa aliyegundua siku 60 za kuichunguza; ikithibitika ni hatari, taarifa ya awali inafika NRC ndani ya siku 2 na ya maandishi ndani ya 30. Hivyo mtambo mmoja ukiona pini imekatika, mingine yenye vali hizo inajua.

Hapa mwambie msimamizi kwa maandishi, kisha mtengenezaji, ukitaja namba ya kichwa na picha. Kwenye gesi, mamlaka ya PURA inasimamia shughuli za mkondo wa juu (utafutaji na uchimbaji) na mamlaka ya EWURA mkondo wa kati na wa chini (usafirishaji na usambazaji). TAEC, tume ya nguvu za atomiki, inahusika na vyanzo vya mionzi, mfano vile vinavyotumika kupiga picha viungo vya kulehemu, haihusiki na vali ya gesi. Usitupe kipuri kilichovunjika.

18. Moto ukiunguza nyaya, vali inaweza kujiendesha?

Ndiyo. Shoti kati ya nyaya za udhibiti inaweza kuiamuru kontakta, na shoti hiyo ikiwa baada ya swichi za toki na mwendo, hakuna cha kuisimamisha mota. Itasukuma hadi fimbo ipinde au mota iungue, na baada ya hapo hata gurudumu la mkono halitasaidia. Mitambo mingine hubadilisha mpangilio wa nyaya ili swichi zikae upande unaolinda.

19. Gurudumu la mkono ni gumu. Nitumie bomba la kuongezea urefu?

Hapana. Kwa giya zilizomo, mkono wa mtu mmoja unatosha kuleta tani kadhaa kwenye fimbo. Bomba la mita moja linapinda fimbo bila mtu kusikia. Likiwa gumu, angalia kwanza kama wenzo wa kubadilisha kutoka mota kwenda mkono umeingia sawasawa, kisha paking, kisha swali la 12. Ukishafunga kwa mkono kwa nguvu nyingi, rudisha nyuma robo mzunguko kabla ya kuwaachia wenzako waifungue kwa mota.